Kuteka bendera: maswali wanayoniuliza walezi wa vijana Tanga

Likizo ikikaribia simu yangu haitulii. Ustadhi wa madrasa ya Makorora, mwalimu wa shule ya Jumapili Chumbageni, kiongozi wa skauti, dada mwenye kikundi cha wasichana Mikanjuni: kila mmoja ana vijana arobaini na jioni ndefu ya kuijaza, na kila mmoja amesikia kwamba kuteka bendera kunawachosha vijana vizuri. Ni kweli, kunawachosha. Maswali yenyewe ni yale yale, basi nimeyaweka pamoja. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo mchezo unapoharibikia. Mengine hayana mambo mengi.

Kuteka bendera ni mchezo gani hasa?

Timu mbili, uwanja umegawanywa nusu kwa nusu. Kila timu imesimika bendera yake nyuma kabisa ya upande wake. Kazi yako ni kuvuka kwa wenzio, kuichukua bendera yao na kurudi nayo kwenu kabla hujakamatwa. Ukiwa kwenu hakuna wa kukugusa. Ukivuka mstari wa kati tu, umekuwa windo. Ukikamatwa unakwenda jela, na humo unakaa mpaka mwenzako aje akukomboe. Timu inayovusha bendera ya wenzao ndiyo imeshinda raundi.

Watoto wa hapa wanauelewa upesi kwa sababu neno "kukomboa" wanalijua tangu kombolela, pale mtu anapochomoka mafichoni, akalipiga kopo teke, na wote waliokamatwa wakatawanyika. Nikiwa naeleza nikaona nyuso zimekunjamana, husema: "Jela ndiyo kopo." Basi, imekwisha.

Tulizoea kugusana tu. Mikia ya nini tena?

Kwa ajili ya maneno mawili: "nimekugusa" na "hukunigusa". Sijaona kitu kinachoua mchezo huu haraka kama hayo. Mtoto anapita kasi, mwingine ananyoosha mkono, vidole vimepapasa shati au vimepapasa upepo, nani ajuaye. Aliyekimbia anaapa, aliyefukuza anaapa, na refa alikuwa anatazama upande wa pili. Dakika kumi zimekwenda kwenye kesi, na waliobaki wameshakaa kivulini wanachimba mchanga kwa vijiti. Siku moja kesi ya namna hiyo ilihamia kwa mama za watoto, na Jumamosi iliyofuata nilipata vijana kumi na mmoja badala ya thelathini na wanne.

Ndipo nilipoacha kugusana. Sasa kila mchezaji anachomeka kipande cha kitambaa kiunoni, kwa nyuma, kining'inie kama mkia. Kukamata ni kuuchomoa. Mkia ukiwa mkononi mwa aliyekufukuza, huna la kusema. Na asiye na mkia kiunoni amekamatwa, hata kama umedondoka wenyewe kwa sababu ya suruali kulegea. Hapo watoto hulalamika mara ya kwanza, mara ya pili wanakuja wamekaza mikanda.

Faida nyingine niliiona baadaye. Mtoto mwenye hasira akiambiwa aguse, anasukuma. Akiambiwa achomoe mkia, inabidi alenge, ainame, atulize mkono. Magoti yaliyochubuka yalipungua, na wale wembamba wasio na nguvu ila wana akili ya kukwepa wakaanza kung'aa.

Sheria za mkia nazisoma kwa sauti kila mara kabla ya filimbi: usiufunge fundo, usiushike, usiukalie, na sehemu inayoning'inia isipungue shibiri moja ya mkono wa refa. Nasema mkono wa refa kwa sababu nimeshaletewa mtoto wa miaka minane aje kupimia.

Mikia naipata wapi?

Kabatini kwa mama. Tafuta khanga mbili kuukuu za rangi zisizofanana, upande mmoja wa kila moja unatosha. Upande wa khanga una kama mita moja na nusu kwa urefu, na upana wake unazidi mita moja kidogo. Anzisha kwa mkasi kila baada ya sentimita 5, kisha chana kwa mkono; khanga ya pamba inafuata mstari yenyewe. Kumi ya vipande hivyo, kila kimoja kikigawanywa sehemu tatu sawa, ni mikia 30 ya nusu mita. Nusu ya khanga iliyobaki ndiyo bendera ya timu hiyo. Hakuna haja ya jezi wala bibu, kwani rangi ya mkia inamtambulisha kila mtu.

Jina la khanga nalo linakatika, kwa hiyo utaona watoto wanakimbia na maneno nusu. Kijana mmoja aliangukiwa na kipande kilichoandikwa HAINA peke yake, na mpaka leo mtaani kwao anaitwa Haina.

Wavulana na wasichana wacheze pamoja?

Hilo waulize wazazi wa kikundi chako, usiniulize mimi. Kuna vikundi vinavyochanganya bila neno, na kuna madrasa ambako wasichana wana raundi zao na wavulana zao, na mchezo ni mtamu vile vile. Mkia umesaidia sana hapa, maana hakuna anayemshika mwenzake. Msichana aliyevaa dira au baibui hana pa kuchomeka kitambaa kiunoni. Mpe kibanio cha kuanikia nguo, abane mkia begani kwa nyuma. Kinachomoka kirahisi na nguo haichaniki.

Jambo moja lisisahaulike: pini. Ushungi uliobanwa kwa pini chini ya kidevu ni hatari kwa mkimbiaji na kwa anayegongana naye. Waambie tangu siku ya kutangaza kwamba wavae ule wa kuingiza kichwani, au wafunge kwa nyuma. Hereni ndefu na bangili za kioo zikae kwenye mkoba wa mlezi.

Tunahitaji watu wangapi na uwanja wa ukubwa gani?

Chini ya sita kwa sita mchezo unapooza. Zaidi ya ishirini kwa ishirini refa haoni kitu. Ukiwa na vijana sitini, tenga makundi manne, mawili yacheze na mawili yapumzike.

Kwa kumi na tano kwa kumi na tano, nusu ya uwanja wa mpira inatosha, ukiutumia kwa upana. Watu hupenda kuchukua uwanja mzima kwa kudhani ukubwa ni raha. Matokeo yake mtoto anakimbia mita mia moja, anafika kwenye bendera ulimi nje, anakamatwa akitembea. Pima kwa hatua zako: hatua sitini toka bendera hii hadi ile, hatua arobaini kwa upana. Ukiona raundi zinaisha ndani ya dakika mbili, ongeza.

Viwanja vya shule ndivyo bora kuliko vyote: vina uzio, vina choo, na mara nyingi vina miembe pembeni. Tangamano ni pazuri lakini pana wapita njia, na bendera yako itachunguzwa na kila mtu. Mkwakwani tuwaachie Coastal Union na African Sports.

Kabla ya watoto kufika, pita uwanjani wewe na wasaidizi wawili, mmejipanga mstari mmoja kama wapaliliaji, mkiangalia chini. Mnatafuta chupa, misumari, nondo zilizochomoza, mashimo, na mbigili. Kwa mbigili sina masihara. Nusu ya vijana watacheza peku hata ukiwaambia waje na raba, na mwiba mmoja wa mbigili kisiginoni unamtoa mchezaji jioni nzima. Pahali palipojaa mbigili hapafagiliki, hamisha uwanja.

Kwa nini tusicheze pwani, kwenye mchanga?

Mnaweza, kama unaijua bahari. Mchanga uliobanwa na maji kupwa ni mzuri kukimbilia na mtu akianguka haumii. Ila lazima ujue maji yanarudi saa ngapi. Toka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, na kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika hamsini, kwa hiyo uwanja mliocheza Jumamosi hii saa kumi, Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo unaweza kuwa chini ya maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanatoka mbali sana na kukuachia uwanja wa kutamanisha, halafu yanarudi mpaka juu kabisa. Usipange bendera kwenye fungu la mchanga lililotenganishwa na ufuko na mkondo, hata kama mkondo wenyewe unafika kifundo cha mguu. Muulize mvuvi yeyote, atakwambia bila kuangalia saa. Weka mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuitazama bahari tu, asiyekuwa refa wala mshangiliaji.

Sehemu za mikoko ziacheni. Mizizi inachoma na tope linameza viatu.

Mistari tuichore kwa kitu gani?

Kwa majivu. Nimefika hapo kwa kuumiza mtoto. Mara yangu ya kwanza nilitaka kufanya mambo ya kifahari. Mji huu umeishi kwa mkonge tangu miche ya kwanza ilipofika pwani hii mwaka 1893, nikaona hakuna kama kamba ya katani kwa mstari wa kati. Nikanunua, nikaifunga kwenye vigingi viwili, ikakaza vizuri, kimo cha nusu goti ili "ionekane". Ikaonekana kwa kila mtu isipokuwa kijana aliyekuwa anarudi mbio na bendera mkononi huku akiangalia nyuma. Aliruka kama kuku aliyetupwa, akatua kwa viwiko. Bendera hakuiachia. Viwiko tulivisafisha na mama yake nilimfuata mwenyewe nyumbani jioni ile, nikaeleza.

Majivu ya jikoni, ndoo mbili, yanatosha mstari wa kati, jela mbili na duara za bendera. Yamwage kwa kopo lililotobolewa tundu. Chokaa ya dukani wengine hutumia, ila ile ambayo haijazimwa inaunguza macho na ngozi yenye jasho, na mtoto akianguka anaivuta puani. Kama huwezi kutofautisha, kaa na majivu. Kamba ya katani nayo ina kazi yake, nitaisema kwenye jela.

Jela iendeshwe vipi?

Jela isimamiwe vizuri, la sivyo nusu ya watoto watashinda wamekaa. Nimeona walezi wanaoiweka jela karibu kabisa na bendera, mlinzi mmoja anachunga vyote viwili, waliofungwa hawatoki, na ndani ya dakika nne timu nzima iko kifungoni inaimba.

Iweke kwenye kona ya nyuma, angalau hatua ishirini toka kwenye bendera. Chora duara la hatua tatu. Aliyekukamata anampa mkia wako askari jela, na hapo hapo anarudi uwanjani. Haruhusiwi kukusindikiza wala kukucheka njiani. Askari jela anaitundika mikia kwenye kamba (hiyo ndiyo kazi ya katani), ili kila mtu aone wangapi wako ndani.

Mkombozi akiingia kwenye duara mkia wake ukiwa salama, akampiga mfungwa kiganja, wote wawili wanarudi kwao mikono juu. Mwenye mikono juu hakamatwi, wala hawezi kuchukua bendera katika safari hiyo. Mfungwa anapewa mkia wake, anauchomeka akishafika upande wao. Bila hiyo mikono juu, anayekomboa anakamatwa hatua mbili toka mlangoni, na baada ya mara tatu hakuna tena anayejitolea kukomboa.

Akomboe mmoja au wote? Kwa watoto wadogo, wote, kama kombolela. Kwa wakubwa, mmoja kwa safari moja, maana wakitoka wote mchezo hauishi.

Wafungwa wanaweza pia kufanya mnyororo: mmoja anabaki na mguu ndani ya duara, wengine wanajipanga kuelekea kwao, ili mkombozi asije mbali. Kwenye vikundi vilivyochanganyika hawashikani mikono, wanashika ncha za mkia mmoja wa akiba katikati yao. Vijana wanapougundua ujanja huu wenyewe, bila kuambiwa, huwa nafurahi kuliko wao.

Halafu kuna msamaha. Kila baada ya dakika tatu napuliza filimbi ndefu na wote walioko jela pande zote mbili wanatoka. Wanauita "tisa Desemba", kwa ule msamaha wa wafungwa wa Siku ya Uhuru.

Walinzi wanasimama juu ya bendera hawaondoki. Tufanyeje?

Hiyo sisi tunaita kuatamia. Watoto watano wamezunguka bendera mabawa wazi, na wa upande wa pili wanafanya vile vile, na katikati hakuna hata mbwa.

Chora duara la hatua tano kubwa kuizunguka bendera. Kama uwanja umechorwa wa mpira, ile sita ya golini inafanya kazi hiyo hiyo. Wenye bendera hawaingii humo, isipokuwa wanamfukuza mtu aliyetoka nayo. Mvamizi akiingia ana hesabu ya kumi ya kuhema. Walinzi wanahesabu kwa sauti nje ya mstari, naye anatafuta mwanya. Hapo ndipo utasikia uwanja mzima umenyamaza. Nimeona binti mdogo, labda miaka kumi, amesimama humo na bendera kifuani, anageuza kichwa kushoto, kulia, walinzi wanne wanamhesabia, "sita... saba...", na kabla ya nane akapiga chafya. Wakacheka. Wakati wanacheka akapita katikati yao.

Ongeza kwamba walinzi wasizidi watatu. Ikishindikana kabisa, dakika mbili za mwisho tangaza hakuna ulinzi: kila mtu lazima awe mbele ya jela yao.

Mwenye bendera akikamatwa inakuwaje? Anaweza kumrushia mwenzake?

Bendera inarudi pale pale ilipotolewa. Kurusha hapana, itaishia kwenye mti. Kukabidhiana mkono kwa mkono ruhusu pale kikundi kitakapokuwa kimecheza mara nne tano. Mapema ni vurugu.

Tugawe timu vipi bila kinyongo?

Usiwaweke manahodha wawili wachague mmoja mmoja. Yule anayebaki wa mwisho anajua kwa nini amebaki, na wote wanajua. Wapange kwa kimo, toka mfupi hadi mrefu, wahesabu moja, mbili, moja, mbili. Marafiki wanaojibana wakae pamoja mstarini utawatenganisha wenyewe bila kusema kitu.

Kugawa kwa mitaa, Makorora na Mabawa, Chumbageni na Nguvumali, kunaleta shangwe kubwa na ugomvi mkubwa zaidi. Lipo la kati ambalo limetufaa kwa vikundi vya Ngamiani: barabara zake zina namba, kwa hiyo wanaotoka barabara za witiri wanakuwa timu moja na wa shufwa timu nyingine. Jirani anatengana na jirani, na aliye mbali anakuwa mwenzako. Hakuna mtu aliyezaliwa na chuki dhidi ya namba shufwa.

Umri gani?

Miaka tisa hadi kumi na miwili pamoja, kumi na mitatu hadi kumi na saba pamoja. Ikikubidi kuchanganya, wakubwa wavae mikia mirefu na wadogo mifupi. Mkia wa nusu mita unachomoka kwa mbali, wa shibiri moja unataka kazi.

Saa ngapi inafaa?

Baada ya alasiri. Anza saa 10:15, maliza kabla ya saa 12 ili kila mtu awahi magharibi na nyumbani. Jua la hapa huzama baada ya saa 12 na robo, na mnamo Februari hukaribia saa 12 na dakika 45, lakini usiitamani hiyo nusu saa ya nyongeza. Asubuhi saa 1 hadi saa 3 inafaa pia wakati wa likizo. Saa sita mchana, hasa wakati wa kaskazi, ni kuwaadhibu. Ijumaa iache. Ramadhani pumzikeni, mcheze Idi.

Raundi moja dakika kumi, mapumziko dakika tano, raundi nne. Usiongeze ya tano hata wakikulilia. Ukimaliza wakiwa bado na hamu, wiki ijayo watakuja.

Wazee wetu walicheza kombolela kwa mbalamwezi, najua, nami nilicheza. Kuwasimamia watoto arobaini wa watu gizani ni jambo jingine.

Marefa wangapi?

Watatu: mmoja mstari wa kati, na askari jela wawili. Mmoja peke yake hawezi. Vijana wakubwa wa miaka kumi na minane wanafaa, ukiwapa filimbi na ukiwaunga mkono wanapokosea. Wawili wakibishana, kwa mfano wamechomoana mikia kwa wakati mmoja, wote wanarudishiwa na kila mtu anarudi kwao. Akiendelea kubishana, anapumzika raundi hiyo karibu na mimi, na mimi si mtu wa kuzungumzisha.

Maji, majeraha na wenye maradhi?

Nusu lita kwa kila mtoto ndiyo ya chini kabisa. Kwa vijana arobaini hiyo ni ndoo moja ya lita 20 hadi mwisho, leta mbili. Ndoo iwe na mfuniko na bomba, maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na kila mtoto aje na kikombe chake. Kikombe cha kuchangia kinasambaza kipindupindu na homa ya matumbo. Wanywe kabla hawajaanza, si wakishaona kiu.

Siku ya kuandikisha, mwulize kila mzazi faraghani: pumu, kifafa, moyo, selimundu. Usikimbilie kuuliza mbele za watu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani, kwa hiyo kwenye kikundi kikubwa usishangae ukimkuta mmoja. Kukimbia mpaka kuishiwa pumzi huku mwili umekauka maji kunaweza kumwamshia maumivu makali. Mzazi ndiye aseme kama acheze. Akicheza, raundi fupi, maji kila mara, na akisema amechoka asiambiwe mvivu. Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwa mlezi, isiachwe nyumbani.

Kifundo kikiteguka, jambo la kwanza utakaloliona ni mtu mzima mwenye nia njema anakuja kukichua. Mzuie. Kuchua kitu kilichoteguka sasa hivi kunaongeza uvimbe. Kaa, inua mguu, weka kitu baridi kilichofungwa kwa kitambaa kwa dakika ishirini hivi, kisha bandeji. Barafu za ukwaju za yule mama wa jirani zinafanya kazi hiyo vizuri, zikiwa bado kwenye mifuko yake. Asipoweza kukanyaga hatua nne, apelekwe akapigwe picha.

Mwenye kizunguzungu na kichefuchefu: kivulini, legeza nguo, mwagia maji, pepea, anywe kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akizimia, usimnyweshe kitu. Hospitali ya Bombo mara moja, na mmwagie maji mwilini njia nzima. Kwa hiyo kabla ya kuanza uwe umeshaongea na dereva wa bajaji mmoja aliye jirani.

Mvua ikinyesha?

Manyunyu chezeni. Ukisikia ngurumo, simamisha, wote ndani ya jengo, si chini ya mwembe wala mnazi, na msitoke mpaka zipite dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho.

Ruhusa ya nani?

Mwenye uwanja, ofisi ya mtaa, na wazazi kwa maandishi. Picha za watoto zisiingie kwenye magrupu ya WhatsApp bila wazazi kukubali.

Bendera iwe ya rangi gani?

Yoyote isiyoleta maneno. Nyekundu dhidi ya kijani na njano, wameshakuwa Simba na Yanga kabla hujapuliza filimbi. Rangi za vyama vya siasa vile vile. Na bendera ya taifa usiilete kabisa, hiyo ina heshima yake na sheria yake. Urujuani na hudhurungi hazijawahi kuniletea kesi.

Nina kijana mwenye ulemavu. Nimpe kazi gani?

Mwulize anataka kazi gani. Nilikuwa naharakisha kumpa kila asiyekimbia uaskari jela, nikijiona nimetenda wema, mpaka kijana mmoja wa magongo aliponiambia amechoka kukaa na mikia. Tukampa ulinzi wa bendera na fimbo laini ya mwanzi yenye kulabu ya waya iliyokunjwa butu, mkono wake ukawa mrefu kuliko wa wote. Hakuna aliyepita upande wake. Kwa asiyesikia, refa anyanyue kitambaa kila anapopuliza filimbi. Na wanaosikia nao wanafaidika, kwa kelele zilivyo.

Zawadi kwa washindi?

Mimi sitoi. Naleta gunia la machungwa ya Muheza msimu ukiwepo, yanamenywa wakati wa mapumziko na wote wanakula, waliofungwa kwa waliofunga. Kombe likiingia, walezi ndio wanaoanza kudanganya.

Baada ya mchezo?

Mikia ihesabiwe kabla mtu hajaondoka. Sitini ilitoka, sitini irudi, ifuliwe, ianikwe kwa vile vile vibanio. Kwa kawaida napata hamsini na nane. Miwili nitaiona katikati ya wiki, imefungwa kwenye baiskeli ya mtu.